Viazi Mwitu vya Kundi la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Majani ishirini kabla ya saa nne. Yote yamesagwa. Bega la kulia linauma, kile kinu kidogo hakina huruma. Kundi la saba limekamilika. Kesho la nane na la tisa.

Dkt. Chelang'at ameingia maabara mara tatu kunichungulia. Ana miaka thelathini na miwili, karudi juzi kutoka masomoni ng'ambo, na bado hajajua kwamba mtu akichunguliwa humwaga dawa. Lakini ananiita Mama Kevin kwa heshima, siwezi kulalamika.

Anatafuta kitu kimoja tu. Makundi yetu kumi na sita ya viazi mwitu, je, bado yana utofauti ndani yake? Viazi vyenyewe mtu akiviona atacheka. Vidogo kama maharagwe, na vichungu hivi kwamba ng'ombe angevitema. Mbegu zake zililetwa hapa kwenye kituo chetu cha kutunza mbegu kutoka milima ya Amerika ya Kusini kabla sijaajiriwa. Si za kula. Ni za kuwaazima waru, viazi vyetu vya kula, nguvu: mmea huu unavumilia baridi, ule haushikwi na ugonjwa wa ukungu. Kila kundi tunalipanda mimea ishirini, na kila mmea unatakiwa uwe na lake. Ikifanana, tunatunza nini?

Mvua ya mawe saa nane. Grinihausi imenusurika. Chai ya ng'ambo ya barabara imechanwa vibaya.

Jumatano, 5 Machi

Stima imepotea mara mbili. Jenereta imekohoa, ikakubali.

Nijiandikie hatua, maana nimefunzwa Januari tu na sitaki kuuliza tena. Saga jani. Toa DNA. Tia dawa inayotafuta sehemu moja tu ya ile DNA. Mashine ipashe na ipoze, ipashe na ipoze, mpaka sehemu ile moja iwe nakala nyingi. Mimina kwenye jeli, pitisha umeme. Mistari inajipanga. Mmea huu mstari wake uko juu, ule chini, mwingine una miwili. Hizo ndizo alama. Ni kama wafugaji wa huku walivyokata masikio ya ng'ombe ili kila ukoo ujue wake.

Naipenda kazi hii. Mimi wa kidato cha nne, mwana wa muuza waru wa soko la Kericho, nasoma DNA. Nimejisifu kidogo njia nzima nikirudi nyumbani. Hakuna aliyenisikia.

Ijumaa, 7 Machi

Picha ya kundi la saba imetoka. Mimea ishirini, na mistari yote imekaa mahali pamoja. Kama daftari lililopigwa rula.

Ni kosa langu. Lazima nimechovya ncha moja ya pipeti kwenye mirija yote, DNA ikachanganyika. Daktari hakunigombeza, alisema turudie. Nimeona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Jumanne, 11 Machi

Tumerudia. Majani mapya, dawa mpya, na Daktari mwenyewe ameshika pipeti. Tumetafuta alama sita tofauti. Mimea ishirini ile ile, sawa kwa sawa.

Basi si mkono wangu. Nilifurahi kama dakika mbili hivi. Halafu nikamwona Daktari ameketi.

Kundi la tano na la kumi na mbili yako njia hiyo hiyo, ingawa hayajafika. Mengine kumi na matatu ni mazima. Amenieleza polepole, kama mtu anayeleta habari za msiba. Haya matatu ndiyo yanayoombwa sana na watafiti, kwa hiyo ndiyo yanayopandwa upya kila baada ya miaka miwili kupata mbegu. Yale mengine yamelala kwenye friji. Kwa hiyo utofauti haukupotelea njiani wala huko mbegu zilikotoka. Umepotelea hapa, kwenye kupandwa.

Kuna lingine. Karatasi zilizokuja na mbegu zinasema baadhi ya mimea ya kundi la saba haikushikwa na ukungu hata kidogo. Daktari aliijaribu mimea yetu mwezi uliopita. Yote ishirini iliungua majani ndani ya siku sita. Wakulima wa Bomet wanabeba pampu ya dawa mgongoni kila wiki mvua ikianza, na sisi hapa tulikuwa na dawa iliyojiotea yenyewe kwenye vyungu vya udongo. Tulikuwa.

Jumatano, 12 Machi

Najua utofauti ulivyopotea.

Nimeandika sentensi hiyo nikaacha kalamu nikaenda kufua. Nimerudi. Bado iko.

Aliyetunza mimea kabla yangu ni Mzee Langat, sasa amestaafu, yuko kwake Sosiot. Ndiye aliyenifundisha. Maua tunayachavusha kwa mkono: unatikisa ua juu ya kijiko, ule unga unaugusisha kwenye ua jingine. Matunda yakiiva, yale mabichi madogo kama nyanya za ndege, Mzee alipita mmea kwa mmea na kikombe chake cha bati kilichobonyea ukingoni. Matunda mawili kwa kila mmea. Ule mnene, mawili. Ule uliopinda, wa manjano, unaotia huruma, mawili. Hakukosa hata mmoja.

Mimi nilimwona ni mzee amechoka, hataki kuchagua.

Alipostaafu nikashika funguo, na nikachagua. Mama yangu alinilea sokoni juu ya gunia la waru: kubwa huku, za wastani huku, ndogo kwa ng'ombe. Nikiwa msichana nilichuma chai, na kwenye kituo cha kununulia karani alimwaga majani yako juu ya gunia mbele ya watu akatoa magumu. Huku kwetu mtu anajulikana kwa anachokitupa. Kwa hiyo kila msimu nilitazama ile mimea ishirini, nikapata minne iliyonona, yenye majani mapana, iliyojaa matunda, nikachuma hiyo tu. Iliyobaki niling'oa mapema ipishe nafasi. Mara sita, miaka kumi na miwili.

Wageni walisifu. Kulikuwa na bwana mmoja aliyepiga picha. "Kundi lako la saba linapendeza, Mama," akasema. Nilipanga vyungu vyake upande wa mlangoni ili vionekane kwanza.

Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunisifu kwa kubakiza kibaya.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari anaandika ripoti. Amenisomea kipande leo, akitaka maoni yangu. Inasema utofauti umepotea "kutokana na upandaji usiofuata kanuni chini ya mtunzaji aliyetangulia."

Nilimuuliza amejuaje. Alifungua kabati akatoa vitabu viwili vya kumbukumbu. Cha Mzee kina tiki tu, na neno "sawa", na doa la chai. Changu kina safu, tarehe, rangi mbili za kalamu, urefu wa kila mmea kwa sentimita. "Mama Kevin, kitabu yako iko safi kabisa," akasema. "Ya Mzee ndiyo hakuna kitu. Si unaona?"

Niliona. Nimeandika kila kitu kwenye kile kitabu isipokuwa kwamba nilichuma minne.

Nilijitia kutafuta miwani.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani mwili tu. Wimbo wa pili nimeimba ubeti wa wimbo wa kwanza, jirani akanigeukia.

Katikati ya matangazo nikakumbuka mkebe wa Mzee.

Jumatatu, 17 Machi

Upo. Rafu ya chini kabisa ya stoo ya mbegu, nyuma ya vyungu vilivyopasuka. Mkebe wa mafuta ya kupikia, mfuniko umefungwa kwa utepe. Mzee aliuacha siku ya mwisho akaniambia, hii ni ya akiba. Niliusukuma nyuma. Nilikuwa na mipango yangu.

Nimefungua. Chini ametia mchele uliokaangwa, ufyonze unyevu. Juu yake bahasha za kaki, moja kwa kila kundi, kila moja imeandikwa kwa penseli. Ya saba: "7 — wote 20, 2 2." Matunda mawili kwa kila mmea. Ndani kuna mbegu kama vumbi la njano. Labda mia, labda zaidi kidogo.

Nimesimama nazo muda mrefu. Niandike wazi. Mbegu hizi ni za mwaka wa mwisho wa Mzee. Zikipimwa, zitaonyesha kama utofauti ulikuwepo alipoondoka. Kama ulikuwepo, aliyeupoteza ni mimi. Na kama kuna mahali popote hapa nchini ambapo ile mimea isiyoshikwa na ukungu bado ipo, ni ndani ya hii bahasha. Siwezi kutoa jambo moja bila jingine. Na hakuna mtu mwingine anayejua kwamba mkebe upo.

Nimeuweka ndani ya kiondo, juu nikafunika sweta. Mlinzi ameniaga vizuri.

Sasa uko uvunguni mwa kitanda changu. Mimi, ambaye sijawahi kubeba hata kalamu ya ofisi.

Jumanne, 18 Machi

Sijafanya lolote.

Alhamisi, 20 Machi

Daktari anasema si haki kuandika juu ya mtu bila kumsikia. Jumamosi anaenda Sosiot kumwona Mzee Langat. Mimi nimpeleke, maana ndiye ninayejua kwake.

Nilisema nina kikao cha kanisa. Akasema tutaondoka mapema, tutarudi kabla. Nikakosa uongo wa pili.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi. Niandike kabla sijalainisha.

Tumemkuta kwenye chai yake, anachuma na mkewe. Amepungua. Koti ni lile lile la kazini, limefifia. "Chamgei, Mama Kevin. Umepotea sana," akaniambia, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Miaka minne sijakanyaga kwake. Mkewe, Mama Chepkoech, akatutilia mursik, maziwa yaliyoganda ya kibuyu, na chai, akakata mkate. Daktari na Mzee walianza kwa Kikipsigis, halafu Mzee akageuza kwa Kiswahili ili nisikae kama mgeni. Hata hilo lilinichoma.

Daktari alieleza kwa adabu. Alimwita Mzee kila sentensi. Alisema hakuja kulaumu, alitaka tu kujua matunda yalichumwaje wakati wake.

Mzee alikunywa chai. Alitazama chini, kisha akanitazama mimi, si sana, kama mtu anayeangalia saa. Halafu akasema:

"Hiyo ni mambo ya zamani, daktari. Kama kuna kitu ilipotea, andika ni mimi. Mimi sina kazi ya kufutwa. Nina ng'ombe tatu na hii majani."

Daktari alisema, Mzee, sitaki kuandika hivyo kama sivyo. Mzee akasema andika tu, hakuna shida. Mkewe alianza kufungua mdomo, Mzee akamwambia kitu kifupi kwa lugha yao, naye mama akaenda kuongeza chai.

Mzee anajua. Nimekaa pale nikila mkate wake na anajua.

Wakati wa kuondoka alitusindikiza hadi getini. Akaniuliza, "Na ile kikombe yangu, bado iko?"

Nikasema kipo. Kina kalamu ndani, dirishani karibu na meza yangu.

"Sawa," akasema.

Daktari kwenye gari: "Ni mtu mzuri, lakini amekubali haraka sana." Mimi nilitazama nje. Chai tu, kilima hadi kilima.

Jumapili, 23 Machi

Sikuenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma, na kweli kimeanza kuuma.

Nina hasira naye. Afadhali angenitukana mbele ya mkewe na ya Daktari. Angesema, huyu mama nilimfundisha akaniona mjinga. Ningejitetea, tungegombana, ningerudi nyumbani nikiwa nimeonewa. Badala yake amenipa jina lake nilivae kama koti la kuazima. Nani alimwomba?

Sitaki koti lake.

Nimeuvuta mkebe kutoka uvunguni nikaufuta vumbi. Nikatandika kitanda juu ya hasira.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesema.

Saa mbili na robo, kabla hajavua jaketi. Niliweka mkebe juu ya meza yake, na kikombe kando yake, kalamu nimezimwaga. Nilianza mwisho badala ya mwanzo: kwamba mkebe ulikuwa kwangu wiki nzima, na kwamba niliuficha. Halafu minne iliyonona. Halafu mara sita. Halafu kwamba Mzee alinifundisha sawasawa na mimi nikajua zaidi.

Hakunikatiza. Alikuwa na uso ambao sijauona kwake, uso wa mtu mzima. Swali la kwanza aliloniuliza halikuwa juu yangu. "Ulikuwa umeweka wapi? Karibu na jiko?" Nikasema uvunguni, chumba cha kulala, pana baridi. Akapumua.

Halafu akaufungua mkebe, akahesabu bahasha moja moja.

Zilikuwa kumi na sita.

Ameomba funguo za grinihausi. Nimezitoa kwenye pete, zimebaki alama mbili nyeupe kwenye ngozi ya mkoba wangu wa funguo. Miaka kumi na miwili.

Nimelia kidogo chooni. Si kwa funguo tu. Lakini kwa funguo pia.

Alhamisi, 27 Machi

Mbegu kumi za bahasha ya saba zimetolewa kwa ajili ya vipimo, hata kama zimekufa DNA haijali. Daktari angeweza kumpa mtu mwingine. Amenipa mimi. Sijui kama ni adhabu au imani, na sijauliza.

Nimesaga mbegu kumi. Nimemimina. Nimepitisha umeme. Nimesimama gizani mbele ya taa ya zambarau.

Mistari kila mahali. Juu, chini, miwili, mmoja, mwingine peke yake kabisa pembeni. Hakuna wawili waliofanana.

Mzee yuko safi. Mimi nimepatikana, na ushahidi nimeutoa kwa mkono wangu. Na bado, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeona watoto wa jirani waliodhaniwa wamezama wanatokea kwa nyuma ya nyumba wakiwa na matope. Daktari alikuja akasimama kando yangu.

Jumatatu, 31 Machi

Ripoti mpya. Inasema "mtunzaji wa sasa." Amenisomea kabla ya kuituma. Nilimwomba asahihishe tarehe moja.

Barua ya onyo nimetia sahihi. Nimebaki maabara. Grinihausi naingia akiwepo mtu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimempigia Mzee Langat. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayapoteza yote aliposema hujambo.

Nikasema tu, Mzee, nimewaambia ukweli. Nilisikia ng'ombe. Halafu akasema alijua tangu siku ile ya wageni, miaka mingi imepita, alipokuja kusalimia akaona mimea minne inang'aa na nafasi kumi na sita zimebaki tupu. "Nilisema nitakuambia. Halafu wageni wakakusifu, nikaona nisikuharibie siku. Siku nyingine pia nikasema nitakuambia. Hiyo ni makosa yangu, Mama Kevin, usininyime."

Nilimwachia hilo lake. Nilimwambia mkebe ulikuwa mkavu kabisa. Akauliza kama ule mchele bado ulikuwa mweupe. Nikasema umekuwa wa kahawia. "Niliukaanga sana," akasema.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumepanda. Mbegu tisini na nne za bahasha ya saba, tumezilowesha kwanza kwenye dawa ya kuziamsha. Miaka kumi na miwili kwenye mkebe, stoo isiyo na friji. Daktari anasema tusitarajie mengi.

Makundi ya tano na kumi na mbili wiki ijayo. Hayo hayana haraka, hayajaisha.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuna. Nimechungulia kupitia wavu.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita. Udongo bado mtupu. Nimekasirikia udongo.

Ijumaa, 25 Aprili

Mmoja.

Mdogo kuliko kichwa cha kiberiti, kijani kibichi, shingo imekunjwa. Daktari alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya unga. "Kuja uone." Nimeacha foleni.

Alhamisi, 8 Mei

Kumi na tano. Kumi na tano kati ya tisini na nne. Daktari ameridhika, mimi nahesabu waliobaki chini.

Hawafanani hata kidogo. Mmoja una majani mapana, mwingine kama ya karoti. Mmoja wa zambarau kwenye mishipa. Wa tisa umetoka umepinda, wa manjano, majani mawili tu na moja lina tundu. Ningekuwa na funguo zangu na akili zangu za zamani, ningekuwa nimeshaung'oa.

Jumatatu, 19 Mei

Wa kumi na moja umekufa. Haukuwa wa tisa. Ulikuwa ule mpana niliouwekea matumaini, nikijidanganya kwamba simpendelei yeyote. Asubuhi ulikuwa umelala.

Wamebaki kumi na wanne. Nimeandika kwenye kitabu: mpana, ulikuwa mzuri, umekufa, sababu haijulikani. Sasa naandika yote.

Jumatano, 25 Juni

Majaribio ya ukungu. Jani moja kwa kila mmea, limekatwa, limewekwa kwenye kisahani chenye unyevu na kunyunyiziwa ugonjwa. Visahani kumi na vinne vimepangwa kwenye kabati.

Naomba wa tisa. Najua ni upumbavu. Nimeomba hata hivyo.

Jumatano, 2 Julai

Majani kumi na mawili yameoza. Mawili ni safi, kijani kama siku ya kwanza. Wa tatu na wa kumi na nne.

Daktari alipiga makofi mara moja akaketi chini sakafuni, na koti lake jeupe. Tunao tena. Amenikumbatia, halafu akakumbuka ni mkubwa wangu akasimama.

Wa tisa si mmoja wao. Jani lake lilioza la kwanza kabisa, siku ya tatu. Nilitamani uwe ndio huo. Ingekuwa hadithi nzuri ya kumpelekea Mzee. Sivyo. Ni mmea uliopinda tu, na hakuna anayejua una nini ndani, ikiwa una kitu.

Jumamosi, 19 Julai

Sosiot. Nimeenda peke yangu, na sukari kilo mbili. Nimewasaidia kuchuma hadi saa sita. Mama Chepkoech anachuma haraka kuliko mimi na ana miaka sabini, alinicheka waziwazi. Hatukuongea juu ya viazi mpaka tulipokuwa tunakunywa chai. Nikamweleza Mzee juu ya wale wawili. Alifurahi kimya kimya.

Nikamweleza na habari za wa tisa. Akauliza umetoa maua? Nikasema mawili. Akasema, "Usiuguse sana. Ukiuonea huruma utaumwagia maji mengi."

Ijumaa, 22 Agosti

Matunda yameiva. Daktari amenifungulia, akakaa mlangoni na kompyuta yake, hakuniangalia.

Kikombe nimekiosha jana. Nimeanza mmea wa kwanza kama alivyofanya Mzee, kutoka kushoto, polepole. Karibu mimea yote ina matunda ya kutosha. Wa kumi na nne umejaa mpaka unainama. Nilipofika wa tisa nikahesabu. Tunda moja. Ua la pili lilidondoka.

Nilisimama hapo. Kanuni ni sawa kwa wote. Ningeweza kuchukua mawili kwa wengine na moja kwa huu, nani angelaumu. Nilichukua matunda niliyokuwa nimeshachuma nikarudisha moja moja chini ya kila mmea wake.

Moja kwa wa kwanza. Moja kwa wa pili. Moja kwa wa tatu, ambao haushikwi na ukungu. Moja kwa wa tisa. Moja kwa wa kumi na nne, na mkono wangu ukaacha yale mengine yote yakining'inia.

Kwenye bahasha nimeandika kwa penseli: "7 — wote 14, 1 1." Mchele wa mkebe nimeshaukaanga nyumbani, kidogo tu. Daktari amefunga mlango, nikanawa mikono, nikaenda kunywa chai.